Masika yameisha, mboga zisiishe: Bustani ya mtungi mmoja

Ndugu zetu wa vikundi, kila mwaka mambo huwa yale yale. Mwezi wa nne na wa tano kila boma huku Ukambani, Machakos, Makueni na Kitui, lina mboga. Kunde zimefunika shamba, mchicha unajiotea kando ya zizi, malenge yanatambaa mpaka karibu na mlango. Mboga ni nyingi hata nyingine tunampa ng'ombe. Halafu mvua za masika hukatika, mara nyingi kabla mwezi wa tano haujaisha. Kufika mwezi wa nane bustani ile ile imekuwa uwanja wa kuku, na mama anatoka na pesa mkononi kwenda kutafuta mboga sokoni.

Tufanye hesabu kidogo. Mama akinunua mboga ya shilingi 30 kwa siku, kwa siku 120 kutoka mwezi wa sita mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, ametoa shilingi 3,600. Na siku ambayo hana hizo 30, nyumba inakula ugali na chumvi, au githeri ya mahindi na maharagwe bila jani hata moja. Watoto wadogo na mama wajawazito ndio huumia kwanza. Majani ya kijani kibichi yaliyokolea ndiyo huwapa vitamini A ya macho na kinga ya mwili, pamoja na madini ya kuongeza damu. Hayawezi kungoja mvua za vuli mwezi wa kumi na moja.

Tukiuliza kwenye mikutano kwa nini bustani zimeachwa, jibu ni moja: maji hakuna. Jibu hilo lina ukweli. Lakini tukiketi na kuhesabu, tunakuta kila nyumba ina maji inayomwaga kila siku, na kwamba bustani iliyokufa ilikuwa kubwa mno kwa maji hayo. Kwa hivyo ushauri wetu mwezi huu ni mmoja. Punguzeni bustani mpaka itoshe mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, na mfanye hivyo sasa, udongo ukiwa bado na unyevu. Anayengoja mpaka mwezi wa nane atakuta ardhi imekuwa tofali.

Mtungi mmoja unatosha wapi?

Siku ya jua kali na upepo, mboga iliyokwisha kukua hutaka kama lita 4 au 5 za maji kwa kila mita moja ya mraba. Wakati wa kipupwe, mwezi wa sita na wa saba, mawingu yakifunika na baridi ikiwepo, lita 3 hutosha. Basi mtungi mmoja unalisha tuta la mita 1 kwa mita 4 mpaka kiangazi kiishe. Ni hatua nne tu ndefu. Tunajua wengine watacheka, lakini tuta hilo huingia mistari miwili ya sukuma wiki, miche 16 hivi, na kila mche ukishakomaa hutoa majani mawili au matatu kwa wiki. Hayo ni majani 30 hadi 50, chakula cha jioni mara mbili kwa nyumba ya watu watano au sita. Siku nyingine tutaziona hapa chini, kwa sababu sukuma peke yake haitoshi na wala hatuipendekezi iwe peke yake.

Maji yenyewe yawe yale yaliyokwisha kufanya kazi moja: ya kuosha mboga, ya kusuuza vyombo, ya kuoga, ya mwisho ya kusuuza nguo. Wekeni mtungi mkuukuu nyuma ya jikoni, uliokatwa mdomo, na kila mtu amwage humo. Maji ya sabuni yamwagwe kwenye udongo, yasiguse majani, na yapishane na maji safi kila baada ya siku chache, maana chumvi ya sabuni ikizidi udongo hushikana na mboga hudumaa. Maji mazito ya sabuni ya unga au ya dawa ya kung'arisha nguo yapelekwe kwa migomba na mipapai. Ya kufulia nepi za mtoto yasikaribie mboga kabisa.

Hapa tuseme wazi neno moja. Punda akileta mitungi minne kutoka mtoni, hiyo ni ya nyumba na ya mifugo. Hatutaki kusikia kwamba msichana amekosa shule ili achote maji ya sukuma. Kama maji yaliyotumika hayafiki mtungi mmoja, punguzeni tuta liwe mita 2. Nusu ya bustani iliyo hai inalisha watu. Kubwa iliyokauka inalisha mchwa.

Tuta liende chini

Wakati wa mvua tunainua matuta ili maji yasituame kwenye mizizi. Kiangazi kinataka kinyume chake, na hapo ndipo bustani nyingi hufia. Mvua imekwisha lakini tuta bado limeinuka kama kaburi. Jua linalipiga juu na ubavuni, upepo unalikausha, na kila tone unalomwaga linateremka kwenye njia ya miguu.

Basi geuzeni. Chagueni mahali karibu na jikoni, ikiwezekana upande wa mashariki wa nyumba, ili jua la alasiri lizuiwe na ukuta. Msikae karibu na mkaratusi. Mizizi yake itakunywa kabla ya mboga. Pimeni mita 1 kwa mita 4. Toeni udongo wa juu, ule mweusi, mpaka kina cha futi moja, muuweke upande. Udongo wa chini, ule mwekundu, toeni kiasi cha kiganja na kuujenga ukingo kuzunguka shimo, kisha mlegeze uliobaki kwa jembe la meno futi moja nyingine bila kuutoa. Tandazeni nyasi kavu au mabua yaliyooza, halafu rudisheni udongo mweusi ukiwa umechanganywa na ndoo tatu za samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa, kwa hivyo msiwe na haraka nayo. Mkimaliza, uso wa tuta ubaki chini ya ardhi ya kawaida kwa kina cha kiganja. Maji yakimwagwa hayana pa kwenda ila chini.

Huku kuchimba mara mbili si jambo geni. Vituo vya mafunzo kama Manor House karibu na Kitale, kilichoanza mwaka 1984, vimewafundisha wakulima wengi wa Kenya. Na babu zetu na nyanya zetu waliochimba mitaro ya fanya juu kwenye milima ya Machakos walilijua lile la msingi, kwamba maji ya mvua huzuiwa pale yanapoanguka.

Lakini tusidanganyane, kazi ni nzito. Mama mmoja peke yake atachukua siku tatu na mgongo utamuuma wiki nzima. Hapa ndipo mwethya unapotakiwa. Watu sita wenye majembe humaliza tuta moja asubuhi moja. Kikundi cha watu 20 kikigawanyika mafungu matatu, kila fungu likichimba boma mbili kwa wiki, kabla ya wiki nne kuisha kila mwanachama ana tuta lake. Fanyeni kwa mzunguko kama mnavyofanya meri-go-raundi ya pesa, ila zamu zisiende kwa kura. Udongo wa mchanga hukauka kabla ya ule wa mfinyanzi, kwa hivyo boma za mchanga zitangulie, na za wajane na wazee ziwe pamoja nazo mwanzoni. Atakayelalamika akumbushwe kwamba unyevu haungoji mwenyekiti.

Matandazo, na ugomvi wa mbuzi

Tuta likishapandwa na miche ikasimama, funikeni udongo. Udongo ulio wazi hupoteza maji kwa jua na upepo kabla mizizi haijayapata. Tabaka la vidole vinne la nyasi kavu zisizo na mbegu, majani ya migomba au mabua yaliyokatwakatwa huweka udongo baridi, na magugu hayaoti ovyo. Ukiinua matandazo saa nane mchana utakuta udongo wa chini bado mweusi.

Shida mbili tunazijua. Ya kwanza ni kwamba mabua ya mahindi ndiyo chakula cha mifugo kiangazi chote, na hakuna mwenye akili atakayemnyima mbuzi ili afunike mchicha. Kwa hivyo mbuzi ale kwanza. Yale mashina magumu anayoyakataa, yaliyokanyagwa zizini na kuchanganyika na mavi, yakishakaa na kuoza kidogo ndiyo matandazo mazuri kuliko yote. Ya pili ni mchwa. Acheni nafasi ya upana wa mkono kuzunguka kila shina, mnyunyize majivu hapo, na matandazo yawe na unyevunyevu, kwani mchwa hupenda zaidi kilicho kikavu kabisa.

Halafu kuna mbuzi wenyewe. Mavuno yakiisha mashamba hufunguliwa, mifugo inazurura, na tuta la kijani katikati ya nchi iliyokauka huonekana kutoka mbali. Kuku naye huona matandazo akafurahi. Zungusheni matawi ya migunga yenye miiba, mawili mawili, yafike kifuani. Pamoja na hayo, kikundi kikubaliane mapema, na mzee wa kijiji awepo, mbuzi akiingia bustani ya mtu malipo ni nini. Tumeona vikundi vikivunjika kwa sababu ya mbuzi mmoja, kuliko kwa sababu ya pesa.

Nini kipandwe, nini kiachwe

Nyanya tuziache. Tunajua kila mtu anazitaka, lakini kiangazi ni sikukuu ya utitiri mwekundu, kile kidudu kidogo kinachofuma utando chini ya jani mpaka mmea unageuka rangi ya kutu. Maji ya mtungi mmoja hayatoshi nyanya na mboga, na dawa utakayonunua itakula faida yote. Managu pia hushikwa na utitiri huo huo, na yakikosa maji huwa machungu kupita kiasi. Pandeni mashina machache tu upande wenye kivuli.

Sukuma wiki haina haja ya mbegu mpya. Mashina marefu ya zamani yana machipukizi ubavuni. Chagueni mashina yasiyo na vidukari, mvunje machipukizi yenye urefu wa kidole, myapande kwenye kivuli kwa wiki mbili tatu mpaka yatoe mizizi, halafu myahamishe jioni. Mashina ya zamani yang'olewe yote. Mkiyaacha yamesimama, vidukari watahamia kwenye miche kama wageni wa harusi.

Kunde ndizo mboga za kiangazi hasa. Zipandwe sasa hivi nje ya tuta, kwenye unyevu uliobaki shambani, na baada ya wiki tatu mnaanza kuchuma majani machanga. Mchicha nao huwa tayari kwa wiki nne. Upandwe kidogo kidogo katikati ya sukuma, kiganja kimoja cha nafasi kila wiki mbili, ung'olewe wote kabla haujatoa maua. Majani ya malenge yachumwe yakiwa laini. Mgagani ukianza kutoa maua mapema kwa sababu ya joto, kata ncha na utachipuka tena. Kuna wakati mboga hizi ziliitwa chakula cha maskini, hata watoto wakaona haya kuzibeba shuleni. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amezichunguza kwa miaka mingi, na kazi yake imesaidia kuonyesha kwamba zina lishe nyingi na huvumilia hali ngumu kuliko kabeji tunayoinunua kwa pesa. Na msisahau mbaazi mbichi zinazokomaa shambani kati ya mwezi wa saba na wa tisa. Hizo hazihitaji mtungi wowote.

Asiye na nafasi ya tuta atumie gunia kuukuu la kilo 90. Jazeni udongo na samadi, katikati mkisimamisha mkebe uliokatwa kitako na kuujaza kokoto, mkiuinua kadiri udongo unavyopanda, ili nguzo ya kokoto ipitishe maji mpaka chini. Tobolani ubavuni mpande miche. Gunia huoza kwa jua, halitapita misimu miwili, lakini kwa nyumba ya kupanga pale sokoni linafaa sana.

Kumwagilia ni jioni jua likizama au alfajiri. Mboga zilizoshika mizizi zipewe maji mengi kila siku ya pili, yazame, badala ya kunyunyiziwa kidogo kila siku. Maji ya juujuu huleta mizizi ya juujuu, na hiyo hufa siku moja tu ya jua. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kikifukiwa mpaka shingoni katikati ya tuta, kikajazwa maji safi na kufunikwa, hutoa maji polepole kwa mizizi. Kuna nyumba zenye vyungu vya nyanya zetu vimekaa tu darini. Hiyo ndiyo kazi yake.

Vidukari wakionekana, oshani upande wa chini wa majani kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, mrudie baada ya siku tatu. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, yakachujwa, pia husaidia. Lakini dawa ya kuogeshea ng'ombe isinyunyiziwe mboga kamwe. Tumesikia wanaoifanyia hivyo sukuma ya kuuza, na wanaoila ni watoto wetu. Kama ni lazima kununua dawa ya mboga, soma kibandiko uone ni siku ngapi za kungoja kabla ya kuchuma, nawe uzingoje.

Majani ya kukausha

Kabla kunde za masika hazijaisha shambani, chumeni za akiba. Akina mama wa zamani walikausha majani, na siku hizi tunajua njia inayohifadhi lishe zaidi. Osheni majani, myatie katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, myachuje, kisha myaanike membamba juu ya kitambaa safi au chekecheke, mahali penye kivuli na upepo. Jua kali la moja kwa moja huharibu vitamini A. Yakivunjika mkononi kama karatasi kavu, yafungieni kwenye mkebe mkavu usioingiza hewa, gizani. Kabla ya kupika yalowekwe.

Ila mjihadhari na mawingu ya mwezi wa sita na wa saba. Majani yasipokauka upesi hushika ukungu, na yenye ukungu yatupwe shimoni, hata kuku wasipewe. Huku kwetu hatuwezi kuchezea ukungu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya ukungu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Hayo yalikuwa mahindi, lakini kanuni ya kukausha ni ile ile: kikavu kabisa, au kisiwekwe.

Mbegu pia ziwekwe sasa. Fungeni uzi kwenye mikunde mitano iliyo mizuri kuliko mingine, na mtu asiichume majani. Maganda yakikauka, mbegu zichanganywe na majivu makavu kwenye chupa iliyojaa mpaka mdomoni, ili bungua akose hewa.

Kwenye mkutano ujao

Katibu aandike majina ya boma kwa utaratibu wa kuchimba, na nani analeta jembe la meno. Kama kikundi hakina, tangu mwaka 2013 kilimo kiko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo muulizeni afisa wa kilimo wa wadi kama kuna la kuazima, naye aalikwe aone kazi. Na wekeni tarehe nyingine moja kwenye daftari: wiki ya mwisho ya mwezi wa tisa. Hapo ndipo mbegu za sukuma na mnavu wa vuli zimwagwe kwenye kitalu kidogo cha miche, mita moja tu, chini ya kivuli cha nyasi. Miche huchukua wiki nne hadi sita, na mvua ikianza mwisho wa mwezi wa kumi au mwanzo wa kumi na moja, itakuwa tayari kuhamishwa siku hiyo hiyo.